Kupona, Nafuu na Barabara ya Lilongwe: Uhakiki wa Lugha na Vipimo vya Asasi za Hisani katika Makazi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna asasi za hisani zinazoshughulikia afya, ujumuishi wa watu wenye ulemavu na urejeaji wa mtu katika maisha yake zinavyoieleza na kuipima kazi yao, zikitazamwa kutoka makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe. Hoja kuu ni tatu. Kwanza, neno kupona, linalotumiwa kutafsiri dhana ya kurejea, huahidi mwisho ambao huduma yenyewe haiwezi kuufikisha. Neno nafuu linakaribia zaidi ukweli wa wahusika. Pili, kisa cha mafanikio, ambacho ndicho utanzu mkuu wa maandishi ya hisani, huficha sehemu ngumu zaidi ya huduma, yaani safari, ukalimani na matengenezo. Tatu, ujumuishi hauwezi kuzidi mipaka ya sheria ya mahali mtu anapojumuishwa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya vipimo mbadala.

1. Utangulizi

Dzaleka iko wilayani Dowa, zaidi ya kilometa 40 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda palikuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lenyewe, lenye asili ya Kichewa, hufafanuliwa kuwa ahadi ya mfungwa: nitaacha, sitarudia tena. Mwaka 1994 mahali hapo pakafanywa kambi ya wakimbizi. Kambi iliandaliwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Kwa sababu hiyo Kiswahili, hasa cha mashariki mwa Kongo, husikika sokoni, ibadani na majumbani, katika nchi ambayo lugha za hospitali ni Kichewa na Kiingereza.

Kituo cha afya cha Dzaleka huwahudumia wakimbizi na Wamalawi wa vijiji jirani. Mgonjwa anayehitaji zaidi ya kile kituo kinachoweza hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Kwa mtu mwenye ulemavu au mwenye maradhi ya akili, njia hiyo ya rufaa ndiyo huduma yenyewe: karakana ya viungo bandia iko Lilongwe, madaktari bingwa wako Lilongwe, na huduma za afya ya akili za Shirika la Mtakatifu Yohane wa Mungu, lililoanza kazi Mzuzu katika miaka ya 1990, nazo zimefika Lilongwe. Uhakiki wa asasi za hisani unaoishia kambini, au unaoishia hospitalini, hauioni barabara iliyo kati yake.

2. Maneno ya kurejea

Katika fasihi ya kitaalamu ya afya ya akili, William Anthony alitofautisha mwaka 1993 kati ya kuondokewa na dalili za ugonjwa na kurejea katika maisha yenye maana hata dalili zikiwapo. Mwaka 2011 Mary Leamy na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kuchambua nguzo tano za kurejea huko: mahusiano, tumaini, utambulisho, maana ya maisha na uwezo wa kujiamulia. Dhana hii ndiyo iliyomo katika maandiko ya miradi mingi inayofadhiliwa kutoka Ulaya na Marekani.

Tatizo huanza dhana inapoingia katika Kiswahili. Mara nyingi hutafsiriwa kuwa kupona. Neno hilo lina maana mbili: kutoka katika ugonjwa, na kunusurika katika hatari. Aliyetoka katika ajali akiwa amekatika mguu amepona. Aliyevuka Ziwa Tanganyika akiwaacha ndugu waliouawa amepona. Kwa maana ya pili, karibu kila mkazi wa Dzaleka amekwisha kupona kabla ya asasi yoyote kumfikia. Kwa maana ya kwanza, wengi hawatapona kamwe, kwani mguu uliokatika hauoti na kumbukumbu ya mauaji haifutiki. Mradi unaoahidi kupona, basi, ama unaahidi kilichokwisha kutokea ama unaahidi kisichowezekana.

Lugha yenyewe ina neno jingine. Mgonjwa akiulizwa hali na kujibu kuwa ana nafuu, hasemi kwamba ugonjwa umekwisha. Anasema kwamba leo unabebeka kuliko jana. Zanzibar, nyumba wanamoishi watu wanaoacha dawa za kulevya huitwa nyumba za upataji nafuu, na jina hilo limetunza jambo ambalo kupona hulipoteza: nafuu hupatikana kila siku, na inaweza kupotea. Anayepata nafuu huhitaji mahali pa kurudi kesho. Aliyepona huagwa.

Tofauti hii ni ya bajeti pia. Mradi wa kupona huhesabu waliotoka katika huduma. Mradi wa nafuu huhesabu wanaoendelea kurudi. Idadi ileile ya watu wanaorejea kliniki, ambayo katika mradi wa kwanza ni dalili ya kushindwa, katika wa pili ni dalili ya kufaulu.

Ushahidi kwamba uchaguzi wa neno unaweza kuamua umbo la huduma unapatikana jirani, Zimbabwe. Benchi la Urafiki, lililoasisiwa na Dixon Chibanda mwaka 2006, halikuanza na jina la ugonjwa kutoka kitabu cha tiba. Lilianza na neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi, ambalo wagonjwa wenyewe walilitumia, na likawafunza bibi wa mitaani kusikiliza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar. Mzungumzaji wa Kiswahili ana neno linalolingana nalo, pale anaposema kwamba ana mawazo. Mhudumu asiyelijua neno hilo hudhani kwamba mgonjwa ana maoni.

3. Sarufi ya hisani

Mjadala wa lugha na ulemavu katika Kiswahili umekaa kwa muda mrefu juu ya nomino. Inasemwa kwamba kilema, kiwete, kipofu na kiziwi huwaweka watu katika ngeli ya vitu, na kwamba istilahi ya watu wenye ulemavu, iliyoingia hata katika jina la sheria ya Tanzania ya mwaka 2010, inarejesha utu. Hoja hiyo ina uzito kwa sababu wahusika wenyewe wameidai. Hata hivyo haijitoshelezi: kiongozi na kijana nao wana umbo hilo, wala hakuna anayedai kuwa wamedunishwa, na maneno yote haya huchukua upatanisho wa watu, kwani kipofu amefika, hakijafika.

Mahali pa kutazama ni kitenzi. Katika maandishi ya hisani mtu mwenye ulemavu hujitokeza akiwa amepewa, amepelekwa, amefundishwa, amejengewa na ameunganishwa. Asasi hujitokeza ikiwa imetoa, imefika, imeokoa. Nomino imesafishwa, ilhali kitenzi kimebaki kilekile cha zamani. Neno linalotumiwa kwa wote wanaohudumiwa, yaani walengwa, ni la kutendwa pia: ni wale waliolengwa, na kinacholengwa ni shabaha. Ripoti inaweza kuandika watu wenye ulemavu katika kila ukurasa na bado isimpe hata mmoja wao kitenzi cha kutenda.

Kipimo hiki ni rahisi na hakihitaji fedha. Msomaji wa ripoti ya mwaka achukue kalamu, ahesabu vitenzi ambavyo kiima chake ni mkazi wa kambi, kisha atenge vya kutenda na vya kutendwa. Ripoti itakuwa imesema yenyewe ni nani anayeamua.

Kinyume cha sarufi hiyo kinaonekana Dzaleka kwenyewe. Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi wa Kikongo aliyekuwa mkimbizi kambini, alianzisha Tamasha la Tumaini, ambalo baadaye lilisimamiwa na asasi ya Tumaini Letu. Wageni hutoka Lilongwe na mbali zaidi kwenda kambini, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi. Tamasha si kliniki, na makosa yangekuwa kulisifu kama tiba. Lakini kati ya nguzo tano za Leamy, linagusa mahusiano, tumaini na utambulisho kwa kitenzi cha kutenda: mkimbizi anakaribisha, anapika, anaimba, anapangisha. Hata jina ni la Kiswahili, na kivumishi cha umiliki kimo ndani ya jina la asasi.

4. Kisa cha mafanikio na hatua zinazofichwa

Kisa cha mafanikio kina muundo usiobadilika. Mtu anateseka, asasi inamwona, kifaa kinakabidhiwa, mtu anatabasamu. Picha hupigwa siku ya makabidhiano, na kisa huishia hapo kwa sababu hapo ndipo picha ilipoishia. Kama utanzu, kisa hiki ni hadithi ya siku moja inayojifanya kuwa wasifu.

Mfano wa kitimwendo unatosha kuonyesha kilichoachwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya kusukumwa kwa mkono katika mazingira yenye rasilimali chache unataja hatua 8: rufaa na miadi, tathmini, kuandika aina ya kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kukilinganisha na mwili, kumfunza mtumiaji, na hatimaye matengenezo na ufuatiliaji. Kisa cha mafanikio huonyesha ya 6, pengine na ya 7. Hatua ya 8 haina mwisho, na kwa hiyo haina picha. Ilhali katika njia za udongo za Dzaleka, ambazo mvua za Novemba hadi Aprili huzichimba na kuzigeuza matope, hatua ya 8 ndiyo inayoamua iwapo kiti ni usafiri au ni samani ya kukalia mlangoni.

Viungo bandia vina somo hilohilo. Hisani ya Kiskoti ya 500 Miles, iliyoanzishwa na Olivia Giles, ambaye mwenyewe alikatwa mikono na miguu baada ya maradhi ya mwaka 2002, iliweka karakana ya viungo bandia ndani ya Hospitali Kuu ya Kamuzu mwaka 2009. Uamuzi wa kuiweka ndani ya hospitali ya umma, badala ya kuleta shehena ya miguu na kuondoka, unastahili kusifiwa, kwani mguu bandia hauwezi kutenganishwa na fundi wake. Kigutu hubadilika umbo, ngozi huchubuka, mtoto hukua na mguu hubaki mfupi. Anayepewa mguu mmoja utotoni amepewa ahadi ya miguu kadhaa.

Hapo ndipo barabara inaporudi katika hoja. Ichukuliwe hali ya mtoto wa Dzaleka ambaye mguu wake umekuwa mfupi. Ili urekebishwe, anahitaji nauli yake na ya anayemsindikiza, kibali cha kutoka kambini, siku nzima ya mzazi, na mtu wa kumsemea Kichewa au Kiingereza. Karakana inaweza kuwa bora kuliko zote katika kanda, na mtoto akaacha kuvaa mguu kwa kukosa mojawapo ya hayo manne. Katika vitabu vya asasi ataendelea kuhesabiwa kuwa amehudumiwa.

Tanzania imewahi kulitazama tatizo hili kwa njia inayofaa kuigwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ilipotambua kuwa wanawake wenye fistula hawafiki ingawa matibabu ni bure, ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-PESA kwa mabalozi wa kujitolea waliokuwa vijijini, ambao waliwapakia wagonjwa katika mabasi. Fikra iliyo nyuma ya mpango huo ni ya kihakiki: matibabu ya bure ambayo nauli yake hailipiki si bure. Asasi zilizoko kati ya Dzaleka na Lilongwe zinapaswa kuulizwa swali hilohilo kabla ya kuulizwa idadi ya vifaa.

5. Mkalimani ni sehemu ya tiba

Katika bajeti nyingi ukalimani huchukuliwa kuwa jambo la dharura, linalokidhiwa na jirani, mtoto au mgonjwa mwingine aliyeko foleni. Kwa jeraha la mguu, mpango huo huweza kupita. Kwa afya ya akili haupiti. Mwanamke aliyebakwa Kivu hatalieleza hilo kupitia mwanawe wa miaka kumi. Atasema ana maumivu ya kichwa, naye atapewa dawa ya kichwa. Kumbukumbu ya kliniki itaonyesha mgonjwa mmoja aliyehudumiwa, na ukweli utakuwa umerudi naye kambini.

Dzaleka ina watu wengi wanaozungumza Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda au Kirundi pamoja na Kichewa. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni kuutambua kuwa kazi yenye mafunzo, kiapo cha siri na malipo, badala ya kuuacha uwe fadhila ya mtu anayepewa posho. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa moja kwa moja hapa, kwani orodha ya istilahi za maumivu, huzuni, hofu na kifafa kama zinavyosemwa Bukavu, Uvira na Lubumbashi, ikiwekwa sambamba na Kichewa, ni kazi ya chuo kikuu na si ya hospitali. Utafiti wa lahaja ungepata hapo matumizi ambayo hayahitaji kutetewa.

6. Kujumuishwa katika nini?

Malawi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 11 inaitaka nchi iwalinde watu wenye ulemavu katika hali za hatari na dharura, na ibara ya 18 inatambua uhuru wao wa kwenda watakako sawa na watu wengine. Mwongozo wa mashirika ya kibinadamu wa mwaka 2019 kuhusu ujumuishi unaongeza mambo manne ya lazima: ushiriki wa kweli, kuondoa vizuizi, kuwajengea watu uwezo na kukusanya takwimu zinazoonyesha ulemavu.

Maneno sawa na watu wengine yanahitaji kusomwa polepole. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka pingamizi juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya kazi, mali, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Sera ya kuwaweka wakimbizi kambini imejengwa juu ya msingi huo. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi nje kurejea Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakamata Lilongwe, wakiwemo watoto. Kwa hiyo mkimbizi mwenye ulemavu anapofanywa kuwa sawa na wengine, anafanywa kuwa sawa na watu ambao nao hawaruhusiwi kwenda wala kufanya kazi watakako. Ujumuishi umekamilika, na mlango umefungwa.

Huu ndio mpaka ambao maandishi ya hisani hayautaji. Nguzo ya tano ya kurejea ni uwezo wa kujiamulia. Mafunzo ya ushonaji yanaweza kumpa mtu ujuzi, kundi la kusaidiana likampa mahusiano, na mshauri akampa maneno ya kulisemea alilonalo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachompa ruhusa ya kufungua duka Lilongwe. Mtu anayeambiwa kila wiki kwamba anaweza, katika mahali ambapo sheria inasema hawezi, huishia kujilaumu kwa kushindwa ambako si kwake. Dhana iliyotungwa kwa tafiti zilizofanywa zaidi katika nchi tajiri, ambako mgonjwa akipata nguvu anaweza kutafuta kazi, inahitaji kuongezewa nguzo ya sita inapofika Dowa: ruhusa.

7. Utetezi wa asasi na majibu yake

Asasi zina utetezi wa haki. Wafadhili hutoa kwa sababu ya sura waliyoiona, na hatua ya 8 ya mwongozo haina sura. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila asasi inashindania fungu dogo zaidi, na katika kambi ambayo mgao wa chakula umekwisha kupunguzwa mara kadhaa, kudai wakalimani kunaweza kuonekana anasa. Tena asasi inayoikosoa sera ya serikali huhofia kibali chake cha kufanya kazi.

Hofu hizo ni za kweli, lakini hazifikishi mahali zinapodaiwa kufikisha. Fedha zinapopungua, hasara kubwa zaidi ni kifaa kilicholipiwa kikamilifu na kisha kuachwa kwa kukosa nauli. Mkalimani hugharimu kidogo kuliko utambuzi wa ugonjwa uliokosewa mara tatu. Na mfadhili aliyeguswa na tabasamu la siku ya kwanza anaweza kuguswa na mtu yuleyule akirudi mwaka wa nne kubadilisha gurudumu, endapo atasimuliwa. Kuhusu sera, kutaja kizuizi katika ripoti si maandamano. Ni usahihi wa taarifa.

8. Hitimisho na mapendekezo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu 16 kati ya kila 100 duniani wana ulemavu mkubwa kiasi cha kuathiri maisha yao. Kiwango hicho, kikiwekwa juu ya watu 50,000, kinaleta watu 8,000. Hiyo si hesabu ya Dzaleka, bali ni kipimo cha kuzihoji orodha za Dzaleka: orodha yoyote iliyo chini sana ya hapo inahitaji kueleza ni nani hakuulizwa, na kwa lugha gani.

Kwa washauri wa sera, makala yanapendekeza mambo manne. Kila asasi inayotoa kifaa ihesabu waliorudi kwa matengenezo baada ya miezi 12, na iweke idadi hiyo mbele ya idadi ya vifaa. Nauli ya kwenda na kurudi Lilongwe, pamoja na ya msindikizaji, iwe kifungu cha bajeti ya tiba; na kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya matibabu kitolewe kwa kipindi chote cha huduma badala ya safari mojamoja. Ukalimani wa Kiswahili na lugha nyingine za kambi utambuliwe kuwa kazi ya afya. Na vikundi vya watu wenye ulemavu vya kambini vikutanishwe na shirikisho la kitaifa la FEDOMA, ili yanayodaiwa Dzaleka yadaiwe pia na Wamalawi wenye ulemavu, ambao wana kura.

Kwa watafiti wa Kiswahili, pendekezo ni moja. Kabla ya kutafsiri tena neno la kurejea, wakae na wale wanaolitafuta na wasikilize wanaliitaje. Upo uwezekano kwamba hawatasema wamepona. Watasema wana nafuu, kisha watauliza basi la kesho linaondoka saa ngapi.